Nani Amlinde Mlinzi wa Shamba?

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, mzaliwa wa Pande, Kilwa

Neno "hifadhi" limekuwa maarufu sana katika nchi yetu. Twalisikia redioni, twalisoma vitabuni, na katika mitihani huulizwa faida za wanyama wa mwitu. Mwanafunzi hodari hujibu upesi: fedha za kigeni, utalii, ajira, elimu, na urithi wa vizazi vijavyo. Majibu hayo ni ya haki, nami nimeyaandika mara nyingi na kupata alama zangu. Lakini wako watu ambao swali la wanyama huwajia usiku, bila karatasi wala kalamu, nao hawana budi kulijibu kwa debe, moto na sauti zao. Watu hao ni walinzi wa mashamba. Katika makala hii nataka kuwasemea hao, maana naona kwamba katika mazungumzo yote ya wanyama na binadamu wao ndio wanaosahauliwa, hali ya kuwa mambo yote huanzia kwao.

Kwa faida ya wenzetu waliokulia mijini, kwanza nitaeleza kazi yenyewe. Kwetu Pande, kusini mwa Kilwa Masoko, watu ni wakulima na baadhi yao ni wavuvi. Hulimwa mahindi, mtama, mpunga, mihogo na ufuta, tena iko mikorosho na minazi. Mashamba mengi hayako mlangoni pa nyumba. Mtu huenda mwendo mrefu kuyafikia. Mazao yakianza kuzaa, mwenye shamba huhamia huko. Hujenga dungu, yaani kibanda kidogo juu ya nguzo, chenye ngazi ya miti na paa la nyasi au makuti. Mchana hufukuza ndege, tumbili na nyani kwa kombeo na kelele. Usiku hukesha kwa ajili ya nguruwe wa mwitu. Huwasha moto, hupiga debe, huimba, huita jirani yake wa shamba la pili ili ajue kama yu macho. Kazi hii huendelea usiku baada ya usiku mpaka mavuno yaingie ghalani.

Asiyemjua nguruwe wa mwitu aweza kucheka akisikia kwamba mnyama huyo ndiye adui mkubwa wa mkulima wa pwani. Tembo ana sifa, simba ana sifa, hata nyoka ana sifa. Nguruwe hana sifa yo yote. Hakuna mtalii anayepanda ndege kuja kumpiga picha. Lakini ndiye anayefukua mbegu kabla haijaota, ndiye anayeangusha mahindi mabichi ili ale mawili na kukanyaga kumi, na ndiye anayeng'oa mihogo iliyokuwa akiba ya nyumba kwa mwaka wa njaa. Huja kwa makundi, huja gizani, naye ana akili sana: akijua kwamba mlinzi wa upande huu amelala, hatapita upande wa pili. Isitoshe, watu wetu wengi ni Waislamu, na nyama ya nguruwe haliwi. Basi kule ambako paa na funo hupungua kwa kuwindwa, nguruwe huongezeka kwa kuachwa.

Sasa, msomaji mpenzi, tazama jambo linalofuata. Kule anakoongezeka nguruwe na kupungua wanyama wengine, simba naye hufuata chakula chake. Humfuata nguruwe mpaka shambani. Akifika shambani humkuta mtu amelala katika kibanda kisicho na mlango wa maana, au anashuka ngazi kwenda kuchochea moto. Hapo ndipo msiba hutokea.

Haya si maneno ya vijiweni. Mwaka 2005 wataalamu Craig Packer, Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir walitoa matokeo ya uchunguzi wao katika jarida la Nature. Walikuta kwamba tangu mwaka 1990 mpaka mwaka 2004 simba waliua si chini ya watu 563 katika Tanzania na kuwajeruhi si chini ya 308. Sehemu kubwa ya mashambulio hayo yalitokea kusini, na Mkoa wetu wa Lindi pamoja na Rufiji vimo miongoni mwa mahali palipoumia zaidi. Walikuta tena kwamba mashambulio huzidi katika miezi ya mavuno, Machi mpaka Mei, na kwamba huwa mengi zaidi katika wilaya zenye nguruwe wengi na wanyama wengine wachache. Kwa ufupi, waliyoyakuta ndiyo yale ambayo wazee wetu wangeweza kuwaambia.

Babu yangu, ambaye amelinda mashamba tangu kijana, aliwahi kuniambia hivi: "Mjukuu wangu, simba hana ugomvi na mimi. Yeye amekuja kumtafuta nguruwe, na nguruwe amekuja kutafuta mahindi yangu. Basi mwenye mahindi ndiye mwenye kesi." Nilimwuliza, "Sasa babu, kesi hiyo yaamuliwa wapi?" Akajibu, "Huamuliwa dunguni, na hakimu ni usingizi."

Wako wanaodhani kwamba simba anayekula watu lazima awe mzee, kilema au mgonjwa, na kwamba akiuawa huyo mambo yamekwisha. Ni kweli wako wa namna hiyo. Huko Rufiji aliuawa simba mmoja mwezi wa Aprili 2004 ambaye watu walimpa jina la Osama. Alikuwa amekwisha kuua watu zaidi ya 30, naye alikutwa na jino bovu lenye jipu. Lakini jino bovu la simba mmoja haliwezi kueleza vifo vya watu mia tano na zaidi katika mikoa mbalimbali kwa muda wa miaka kumi na mitano. Lililo sawa katika visa vingi ni shamba, nguruwe, giza, na mtu aliye peke yake.

Neno hilo la mtu aliye peke yake ndilo moyo wa maoni yangu, na ili nilieleze vizuri sina budi kugusa historia ya sehemu zetu.

Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa sheria ya uwindaji na kutenga hifadhi za kwanza za wanyama katika nchi hii, moja ikiwa upande wa Rufiji. Mwenyeji aliyekuwa akiwinda ili alinde shamba na kupata kitoweo akaanza kubanwa. Kisha wanaume wakatakiwa kwenda kufanya kazi za lazima katika mashamba ya pamba. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri ameandika juu ya Uzaramo wa miaka ile, na kuonyesha kwamba wanaume walipoondolewa vijijini, wanawake waliachwa na kazi ya kulinda mashamba, nguruwe wakayashinda, na njaa ikaingia. Yeye aihesabu hali hiyo kuwa miongoni mwa mambo yaliyowatia watu uchungu kabla ya Vita vya Maji Maji. Vita hivyo, kama tujuavyo sote, vilianza Julai 1905 huko Nandete katika milima ya Umatumbi, ndani ya Wilaya yetu ya Kilwa.

Baada ya vita ikaja njaa kuu. Wajerumani walikiri kwamba watu kama 75,000 walikufa. Gilbert Gwassa, mwanahistoria aliyekusanya habari kutoka kwa wazee wa Umatumbi, alikadiria kuwa walifika 250,000 mpaka 300,000. Waliobaki walikuwa wachache, na silaha zao zilikwisha kuchukuliwa. Vichaka vikarudi palipokuwa mashamba, mbung'o wakaenea, wanyama wakafuata. Mwaka 1922 Waingereza wakaipa hifadhi kubwa ya kusini jina la Selous, kwa kumkumbuka mwindaji Frederick Courteney Selous aliyeuawa vitani huko Beho Beho mwaka 1917. Katika miaka ya 1940 watu wa upande wa Liwale wakahamishwa kwa sababu ya ugonjwa wa malale, na hifadhi ikazidi kupanuka. Bwana Nyama wa huko wakati huo alikuwa C. J. P. Ionides, yule aliyejulikana sana kwa kukamata nyoka. Tena katika miaka ya 1970, wakati wa vijiji vya ujamaa, watu wengi walikusanywa pamoja. Walipata shule, zahanati na maji karibu, lakini mashamba ya wengine yakabaki mbali na nyumba zao.

Ukiyatazama mambo hayo yote kwa mfululizo, utaona somo moja. Mpaka kati ya watu na wanyama haukuwekwa na bango wala ramani peke yake. Uliwekwa na mikono. Palipokuwa na mikono mingi ya kulima, kufyeka, kuwinda na kukesha, wanyama walikaa upande wao. Mikono ilipopungua, kwa vita, kwa njaa, kwa kazi za lazima au kwa kuhamishwa, wanyama walisogea.

Na leo mikono imepungua tena. Safari hii haikupunguzwa na vita wala na maradhi. Imepunguzwa na mambo ambayo sisi wenyewe twayaita maendeleo. Vijana wamekwenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Wengine wanaendesha pikipiki Masoko na Lindi. Na wengine, ambao ndio sisi, tumo shuleni. Mwezi wa Machi, Aprili na Mei, nguruwe wanapozidi, sisi tumelala bwenini juu ya vitanda, na mlinzi wa usiku anazunguka na tochi kutulinda. Dunguni amebaki nani? Amebaki babu, amebaki bibi, au amebaki mama na mtoto mdogo mgongoni. Zamani dungu lilikuwa na vijana wawili watatu wakipokezana usingizi, na dungu la jirani lilikuwa karibu likijibu. Siku hizi mara nyingi ni mzee mmoja, na shamba la jirani limekuwa msitu kwa kuwa mwenyewe amehama.

Sisemi kwamba tuache shule turudi kupiga madebe. Wazazi wetu hawakutuuzia ufuta wao ili tufanye hivyo. Nasema kwamba kama mikono imepungua, basi namna ya kulinda haina budi kubadilika. Na ikiwa haikubadilika, wanaolipa ni wazee.

Kabla sijataja dawa, nitataja majibu mawili ambayo husikika sana, nami siyakubali.

Jibu la kwanza ni kusema: "Wauawe simba wote, na tembo wote wafukuzwe." Wasemao hivi wana uchungu, na mwenye uchungu hafai kudharauliwa. Lakini simba na chui ndio wanaomla nguruwe. Ukiwamaliza, nguruwe atazidi kustawi, na mzee atakaa dunguni miezi yote kama kwanza. Tofauti ni kwamba atapoteza shamba badala ya roho, na baadaye njaa nayo itadai roho. Kadhalika, wanyama hawa si mali ya kijiji kimoja. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yasema kwamba wanyama wa mwitu ni mali ya umma, nao huwekwa chini ya Rais kwa niaba ya wananchi. Tena tumekwisha kuona jinsi kiumbe anavyoweza kutoweka haraka. Mwaka 1976 tembo wa Selous na maeneo yake walikisiwa kuwa kama 109,000. Mwaka 2013 walihesabiwa 13,084 tu, kwa sababu ya majangili wa pembe. Mwaka uliofuata UNESCO waliiweka Selous katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Hakuna shamba hata moja la Pande lililoshiba kwa sababu ya pembe zile. Waliotajirika walikuwa mbali.

Jibu la pili ni kusema: "Watu wamewaingilia wanyama, basi watu wahame." Hili husemwa zaidi na wale ambao hawajapata kuhamishwa. Babu zetu wamekwisha kuhama kwa vita, kwa malale na kwa amri. Sehemu nyingi zinazoitwa pori leo zina makaburi na miembe. Haiwezekani kila mara mwenye jembe aonekane kuwa mgeni. Wala kuhama hakumzuii nguruwe, kwa maana nguruwe hafuati mipaka ya hifadhi. Aishi katika vichaka vilivyo nyuma ya mashamba yetu wenyewe.

Basi lililo sawa ni lipi? Mimi naona kwamba kumlinda mnyama na kumlinda mlinzi wa shamba ni kazi moja, na kazi hiyo ianze na nguruwe. Nitaeleza kwa mafungu.

Kwanza, tulime kwa kukaribiana. Badala ya kila mtu kufyeka ekari mbili katika pori lake, kijiji kipange bonde moja mwaka huu, na mashamba yagusane. Watu ishirini wenye mashamba yanayogusana wana ua mmoja wa kujenga, na zamu moja ya kulinda. Kila mmoja atakesha usiku mmoja na kulala usiku kadhaa, wala hakuna atakayekesha peke yake. Wazee wasio na nguvu watalipa zamu yao kwa kazi nyingine, kama kupika au kusuka kamba. Jambo hili halihitaji fedha za wafadhili. Lahitaji mkutano wa kijiji na uaminifu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Pili, nguruwe wasakwe kabla ya msimu wa kupanda, kwa utaratibu. Kijiji kiombe kibali kwa afisa wa wanyamapori wa wilaya, na msako uongozwe na askari wa wanyamapori wa kijiji. Usiwe msako wa kisirisiri wa kila mtu na mtego wake, maana mitego ya waya hunasa pia wanyama ambao hatukuwatafuta. Nami najua swali litakaloulizwa: mizoga ya nguruwe itafanywa nini katika nchi ya Waislamu? Jibu lake si gumu. Kukataa kumla si kukataa kumfukuza. Dini haikutuamuru kumpa nguruwe mahindi yetu. Wako majirani wasio Waislamu watakaoitaka nyama hiyo, na isipotakiwa itafukiwa.

Tatu, kila mtu ajue hesabu ya mwezi. Mwaka 2011 Packer na wenzake walionyesha kwamba simba hushambulia watu zaidi katika siku zinazofuata mwezi mpevu, na hasa kati ya machweo na saa nne za usiku. Sababu yake ni nyepesi. Mwezi ukiwa mpevu, simba hupata taabu kuwinda kwa sababu ya mwangaza, basi hulala na njaa. Siku zifuatazo mwezi huchelewa kutoka, likawa giza mapema jioni, naye yuko njaani na watu bado wako nje. Sisi watu wa pwani twahesabu mwezi mwandamo tangu utoto. Twajua kumi na nne ni lini. Basi iwe desturi: tangu usiku wa kumi na tano, kwa muda wa siku kumi, mtu asitembee peke yake baada ya magharibi, asiende chooni bila tochi na mwenzake, wala mtoto asitumwe dukani giza likiingia. Somo hili lafaa kufundishwa katika kila shule ya msingi ya mkoa huu, maana halina gharama hata ya senti moja.

Nne, tembo apewe dawa yake mwenyewe. Tangu ujangili upungue, tembo wanaonekana mashambani katika wilaya mbalimbali za mkoa wetu, na debe peke yake halimtishi. Yako mambo yaliyojaribiwa. Huko Kenya Dkt. Lucy King alionyesha kwamba tembo huwaogopa nyuki, na kwamba mizinga iliyotundikwa kuzunguka shamba na kuunganishwa kwa waya huwarudisha nyuma, na mwenye shamba akapata asali. Mahali pengine watu hutumia vitambaa vilivyochovywa katika pilipili na oili chafu. Kilwa ina misitu ya maua na watu wajuao asali. Sioni sababu kwa nini vijana wa kijiji wasijaribu ua wa mizinga kwa shamba moja, ili wengine waone kwa macho.

Tano, malipo ya aliyepatwa na hasara yawe ya haki na ya upesi. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kile kinachoitwa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa kifo au jeraha. Wakati huo kiwango cha juu cha mazao kiliwekwa shilingi 100,000 kwa ekari, tena kwa ekari zisizozidi tano, na kwa mtu aliyeuawa shilingi 1,000,000. Sibishani hapa na kiasi. Viwango huweza kurekebishwa na Serikali. Nataka kutazama majina. Jasho likifutwa halikulipwa, na machozi yakifutwa marehemu hakurudi. Wenye kuandika kanuni walikuwa wakweli katika hilo. Kwa hiyo fedha hizo, hata zikiongezwa, haziwezi kuwa dawa ya kwanza. Dawa ya kwanza ni kuzuia, na kila shilingi itakayotumiwa kujenga ua na kununua tochi kabla ya mavuno ina faida kuliko shilingi itakayotolewa baada ya msiba.

Huenda mtu akauliza: je, vijiji vyetu vyaweza kweli kuendesha mambo kama haya, au ni ndoto za mwanafunzi? Mimi nitamjibu kwa mfano wa wilaya yetu. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, Kilwa, vilipewa cheti cha kimataifa cha FSC kwa kutunza misitu yao ya asili na kuvuna mpingo kwa utaratibu. Vilipewa kwa kupitia shirika la uhifadhi wa mpingo ambalo makao yake yako Kilwa Masoko, na vilikuwa vya kwanza katika Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji. Watu hao hawakuwa na shahada. Walikuwa na kamati, daftari, mipaka iliyojulikana, na faida iliyorudi kijijini. Kama kijiji chaweza kuhesabu mipingo yake, chaweza pia kuhesabu usiku wa kukesha na kugawana zamu. Mpingo ulitunzwa vizuri ulipokuwa na faida kwa mtunzaji. Mnyama naye atatunzwa vizuri siku ambayo jirani yake hatalala na hofu.

Mwingine atasema: "Hii yote ni kazi ya Serikali." Ni kweli Serikali ina sehemu yake. Askari wa wanyamapori wa vijiji wapate mafunzo, na afisa wa wilaya apate usafiri wa kufika mahali upesi. Tena hesabu ya walinzi wa mashamba iwekwe kama inavyowekwa hesabu ya tembo. Tembo huhesabiwa kwa ndege, hata tukaweza kusema 13,084 bila kusita. Lakini ni nani ajuaye mwaka huu wazee wangapi wanalala madunguni katika Tarafa ya Pande? Jambo lisilohesabiwa halitengewi fedha. Walakini kuhesabu hakuhitaji ndege. Mwanafunzi mwenye daftari aweza.

Na hapo ndipo nawageukia ninyi wanafunzi wenzangu. Likizo ijayo, tunapofika makwetu, kila mmoja aandike mambo manne: mashamba mangapi yanalindwa usiku, nani analala huko na umri wake, ni mnyama gani aliyekuja na tarehe gani ya mwezi mwandamo, na kimepotea nini. Tukirudi shuleni tuyakusanye kwa vijiji. Walimu wetu wa Jiografia na Baiolojia wanaweza kutufundisha kuchora ramani yake, na gazeti hili laweza kuichapa katika toleo lijalo, bila majina ya watu. Nakala ipelekwe kwa halmashauri ya wilaya. Itakuwa kazi ndogo, lakini itakuwa kazi ya kweli, na yeyote atakayeisoma hataweza kusema kwamba hakujua.

Kwenu walimu, nawaomba kwa heshima, tunapofundishwa faida za wanyama wa mwitu tufundishwe pia bei yake na mlipaji wa bei hiyo. Mwanafunzi atakayejua pande zote mbili ndiye atakayefaa kuwa Bwana Nyama wa kesho.

Na kwenu wazazi wetu mnaosoma gazeti hili, au mnaosomewa na watoto wenu, nasema: msione haya kuomba zamu. Kulala shambani peke yako si dalili ya uhodari. Msimu huu, kabla mahindi hayajatoa mbelewele, semeni na jirani, mjenge dungu moja la watu watatu badala ya madungu matatu ya mtu mmoja mmoja. Ada zetu za shule zimetoka katika mashamba hayo. Nasi twataka kumaliza masomo yetu na kuwakuta mko hai.